Watu wa Milimani na Meli Zilizo Chini ya Maji
Mambo anayopaswa kujua mfanyakazi kabla ya kupiga mbizi



Huenda mtu wa Nyarusange akiona kichwa cha habari hii atacheka. Nyarusange ya Gitega iko milimani, na Nyarusange ya Muyinga iko milimani vilevile. Huko tunajua kahawa, ndizi, maharagwe na ng'ombe. Habari za kupiga mbizi na kutazama meli zilizozama zinatuhusu nini?

Zinatuhusu, ndugu. Msimu wa kahawa ukiisha, kijana asiye na kazi hushuka ziwani kutafuta kibarua. Huko anaweza kukutana na mtu anayemwambia: "Wewe una nguvu na unajua kuogelea. Shuka hapo chini, kuna chuma, kuna nyavu zilizonasa, nitakulipa vizuri." Kijana hajui kwamba kazi hiyo ina elimu yake. Mwingine anaona wageni wakipiga mbizi kwa furaha, naye anatamani kujifunza. Wote wawili, mwenye njaa na mwenye hamu, wanapaswa kujua mambo yale yale. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

MELI ILIYOZAMA MARA MBILI

Tuanze na meli ya ziwa letu wenyewe, kwa sababu historia yake ni historia ya kazi.

Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, wakaiita Graf von Götzen. Baada ya kuiunda waliifungua tena vipande vipande, wakaitia katika makasha yapatayo 5000. Makasha hayo yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha yakapanda reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu Wajerumani walikuja kusimamia kazi ya kuiunganisha, lakini mikono iliyobeba vyuma na kupigilia ribiti chini ya jua la Kigoma ilikuwa ya Waafrika. Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa majini.

Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia ziwani. Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kupitia Afrika ya Kusini. Zilivutwa nchi kavu kupita milima ya Kongo kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za vibarua wetu. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka mashua ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann, ambayo imelala chini mpaka leo. Wajerumani walipoona Kigoma itaanguka, waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Lakini mafundi walikuwa watu wa akili: kabla ya kuizamisha walipaka mitambo yote mafuta mazito ili maji yasiile.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini bado inafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba. Meli hiyo ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma mwezi Mei 2015, miaka 100 na zaidi tangu iliposhushwa majini. Kama mafundi wa 1916 wangefanya kazi yao ovyo, wakimbizi wale wasingeikuta Liemba. Hayo ndiyo matunda ya kazi iliyofanywa vizuri.

KIKOMBE KILICHOFUDIKIZWA

Kabla ya kusema namna ya kuanza, lazima tuelewe hewa na maji vinavyopigana. Chukua kikombe, kifudikize, ukisukume chini ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji hayajazi kikombe. Hewa imo ndani, imebanwa. Ukitoboa kitako cha kikombe, hewa inatoka juu na maji yanapanda upesi.

Jambo hili lilionekana kwa uchungu tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria. Meli hiyo ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 430, lakini ilibeba wengi zaidi sana, na inakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 800. Ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Kwa nia njema ya kuwaokoa, ubavu wa meli ulitobolewa. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikaenda chini.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilo hilo. Watu zaidi ya 220 walikufa. Lakini siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai, kutoka mahali ndani ya kivuko palipobaki na hewa. Hapa mpiga mbizi mwenye ujuzi aliingia taratibu mpaka alipo mtu, hewa ikabaki mahali pake. Ndugu, moyo mwema peke yake hautoshi kuokoa watu. Lazima uende pamoja na elimu.

UGONJWA ULIOANZA KWA VIBARUA

Sasa tuje kwenye hatari kubwa ambayo haionekani kwa macho. Wa kwanza kuumia kwa wingi hawakuwa matajiri waliozamia kwa starehe. Miongoni mwao walikuwa vibarua wa madaraja.

Huko Marekani, kati ya mwaka 1867 na 1883, yalijengwa madaraja mawili makubwa, moja St. Louis na jingine Brooklyn, New York. Ili kuchimba msingi chini ya mto, wahandisi walitumia sanduku kubwa mno, lililofudikizwa kama kile kikombe chetu. Hewa ilisukumwa ndani kwa pampu ili kuzuia maji, na vibarua walichimba ndani ya sanduku hilo. Walipokuwa chini waliona wako salama. Walipopanda juu, wengine walianza kulia kwa maumivu ya viungo, wengine walipooza miguu, wengine walikufa. St. Louis peke yake walikufa zaidi ya 10.

Brooklyn, mwezi Mei 1872, vibarua wa sanduku la upande wa New York waligoma wakidai mshahara mkubwa zaidi kwa kazi hiyo ya hatari. Walitishiwa kufukuzwa. Mhandisi mkuu alikuwa Washington Roebling. Lakini ugonjwa hauchagui cheo: Roebling naye ulimpata, ukamwacha mgonjwa wa muda mrefu.

Sababu yake ni hii. Tazama chupa ya Fanta. Ikiwa imefungwa, huoni mapovu. Hewa imeyeyuka ndani ya kinywaji kwa sababu imebanwa. Ukiifungua kwa ghafula, mapovu yanatoka kwa wingi. Ukiifungua kidogo kidogo, inatulia. Mwili wa mpiga mbizi ni kama chupa hiyo. Akiwa chini, hewa anayovuta imebanwa na uzito wa maji, na sehemu ya hewa hiyo iitwayo naitrojeni inayeyuka katika damu na nyama. Akipanda polepole, inatoka kwa kupumua bila madhara. Akipanda kwa haraka, inatoa mapovu ndani ya damu, kwenye viungo, na hata kwenye uti wa mgongo.

Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane, alitoa majedwali ya kuonyesha mtu akae chini muda gani na apande namna gani. Aliyapata kwa kuwajaribu mbuzi. Majedwali ya leo yametengenezwa upya mara nyingi, lakini msingi ni ule ule: kina gani, muda gani, na kupanda polepole.

ZIWA LETU LIKO JUU, NA NYUMBANI NI JUU ZAIDI

Hapa, ndugu wa Nyarusange, ndipo penye jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wa Mombasa au Zanzibar.

Majedwali mengi yametengenezwa kwa ajili ya bahari. Ziwa Tanganyika halilingani na bahari. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo anayepiga mbizi ziwani lazima atumie hesabu za mahali pa juu, akae chini muda mfupi zaidi kuliko angekaa baharini kwenye kina hicho hicho. Mwalimu asiyejua jambo hili hafai kufundisha katika ziwa letu.

Tena kuna hatari ya pili. Kijana amepiga mbizi asubuhi, ametoka mzima, amelipwa, amefurahi. Mchana anapanda gari kurudi nyumbani. Barabara ya Bujumbura kwenda Gitega na ile ya kwenda Muyinga kupitia Ngozi zote zinapita Bugarama, mahali palipo zaidi ya mita 2000 juu ya bahari. Kwa mwili wake, kupanda huko ni sawa na kuruka kwa ndege. Chupa inafunguliwa kwa mara ya pili, bila yeye kujua.

Atafika kwao mabega yanamuuma, ngozi inamwasha, miguu imekufa ganzi. Wazee watasema malaria. Jirani atasema amelogwa. Kumbe ni mapovu katika damu.

Basi kanuni ni hizi. Aliyezama mara moja tu, kwa muda mfupi na bila kuvuka mipaka ya jedwali, angoje angalau saa 12 kabla ya kupanda mlima. Aliyezama mara kadhaa angoje angalau saa 18. Aliyevuka mipaka hiyo angoje zaidi ya saa 24. Ni afadhali kwa kila mmoja kulala ziwani usiku mzima na kupanda kesho yake jioni.

Na dalili zikimpata, alazwe chali, apewe oksijeni kama ipo, anyweshwe maji ikiwa ana fahamu, asirudishwe majini na asipandishwe mlima zaidi. Akifika kwa mganga wa zahanati, neno la kwanza liwe: "Jana nilikuwa chini ya maji." Neno hilo linaweza kuokoa miguu yake. Tiba yake hasa hutolewa katika chumba maalumu ambamo mgonjwa hubanwa tena kwa hewa na kuachiwa polepole, na vyumba hivyo ni vichache sana katika Afrika yetu ya Mashariki. Kwa hiyo kinga ndiyo dawa yetu.

ANAYETAKA KUANZA AANZE HIVI

Kwanza, ajue kuogelea kweli kweli. Shule za kupiga mbizi hutaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10. Aliyezoea kuchezea mto akiwa mtoto asijidanganye.

Pili, apimwe na daktari. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au masikio mabovu asiingie kabla daktari hajamruhusu. Mwenye mafua asizame siku hiyo, kwa maana hewa haitapita vizuri masikioni, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Tatu, atafute mwalimu mwenye cheti. Vyama vinavyotambulika duniani ni kama CMAS, kilichoanzishwa mwaka 1959, na PADI cha mwaka 1966. Pwani za Kenya, Tanzania bara na Zanzibar zina shule za namna hii. Gharama ni kubwa kwa mfuko wa mfanyakazi, hatuwezi kuficha. Lakini anayesema atakufundisha kwa nusu saa ufukweni anakuuzia jeneza.

Nne, ajue vyombo vyake: miwani ya kuzamia, mapezi ya miguu, mtungi wa hewa, kifaa cha kupumulia, koti la kuelea, mkanda wa risasi, na saa za kuonyesha kina, muda na hewa iliyobaki. Mtungi ujazwe kwa kompresa ya hewa safi ya kupumua. Kompresa ya kujazia matairi haifai kabisa. Ikivuta moshi wa injini, humtia mzamiaji sumu ya moshi isiyo na harufu, naye atalala usingizi asiamke.

Tano, ashike amri tatu za chini ya maji. Usizuie pumzi kamwe, maana hewa iliyobanwa mapafuni hupanuka unapopanda na inaweza kuyapasua. Usipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, na usimame dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Usizame peke yako.

Mwanafunzi wa kwanza hapiti mita 18. Kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kulevya kama urwarwa. Mtu anacheka, anasahau saa yake, anasahau hata kupanda.

Na ziwa lina mambo yake pia. Kuna mamba na viboko, hasa karibu na mdomo wa Rusizi. Kuna kichocho. Kuna dhoruba zinazokuja upesi. Wavuvi wa mahali hapo waulizwe kwanza. Kuuliza si ujinga.

NDANI YA MELI YENYEWE

Kuzunguka meli iliyozama kwa nje ni jambo moja. Kuingia ndani ni jambo jingine, na linahitaji mafunzo yake baada ya yale ya mwanzo. Ndani ya meli huwezi kupanda moja kwa moja juu, kwa sababu juu yako kuna chuma. Tope likitibuliwa na mapezi, huoni hata mkono wako. Kuna vyuma vyenye ncha, waya na nyavu zilizonasa.

Wanaojua kazi hii hufunga kamba nje na kuingia nayo, ili iwaongoze kutoka. Hubeba taa zaidi ya moja. Na hewa huigawa mafungu matatu: fungu la kuingia, fungu la kutoka, na fungu la dharura ambalo haliguswi. Fungu la kwanza likiisha wanageuka, hata kama wameona dhahabu.

Tusisahau pia kwamba meli nyingi ni makaburi. Aliyelala humo ana mama na watoto waliomlilia. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unakataza kufanya biashara ya vitu vya kale vilivyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi, na meli za vita vya 1914 hadi 1918 sasa zimefikia umri huo. Mfano mwema uko Mombasa. Meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697 chini ya Ngome ya Yesu. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi na wataalamu waliichimba kwa utaratibu, na vitu walivyopata vikawekwa katika makumbusho ya Ngome hiyo, ambako mtoto wa mfanyakazi anaweza kuviona. Vingechukuliwa na walanguzi, leo asingeona kitu.

KAMA NI KAZI YA MSHAHARA

Mwisho tuseme la kisendika. Anayezama kwa starehe anaweza kuahirisha. Anayezama kwa mshahara ana mtu juu ya mashua anayemwambia "rudi tena chini". Huko pwani wapo wapiga mbizi wa majongoo ya bahari waliopooza miguu kwa kurudishwa chini mara nyingi kwa siku moja.

Basi mfanyakazi ajue haki yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali anapoamini kwa sababu ya haki kwamba pana hatari kubwa na ya karibu alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Na mwezi Juni 2022, mkutano mkuu wa Shirika hilo huko Geneva uliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Burundi ni mwanachama.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka kwa mshahara, uliza maswali haya mbele ya shahidi. Nani atakuwa mwenzangu chini ya maji? Mtungi umejazwa wapi? Jedwali la kina na muda liko wapi? Oksijeni ipo mashuani? Nikiumia, nani atanipeleka hospitali na nani atalipa? Nitalala wapi usiku kabla ya kupanda mlima? Tajiri asiyeweza kujibu maswali hayo sita hajatengeneza kazi. Ametengeneza ajali inayongoja mtu. Usikubali kuwa mtu huyo, na usimwache mwenzako akubali kwa sababu ya njaa. Mkikataa wote, atalazimika kuleta vyombo.

Vibarua wa Brooklyn hawakuwa na majedwali ya Haldane. Walipozwa kwa kutojua. Sisi tumejua, na kwa hiyo hatuna udhuru. Ndugu mfanyakazi wa Nyarusange, ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie sabuni. Mpe kijana anayejiandaa kushuka ziwani, na umwambie habari ya Bugarama.